Maili Tisa Kabla ya Msimbati

Binti yake Saidi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa barazani nabandika kiraka kwenye mpira wa baiskeli ya mjukuu wangu. "Baba Maganga," akasema, na kwa jinsi alivyolivuta lile jina nikajua kabla hajafika mbali. "Baba ametutoka. Tumemzika jana baada ya alasiri." Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikauliza alikuwa akiumwa nini, akaniambia, lakini sikumsikia. Kidole changu kilikuwa bado kimekandamiza kile kiraka, na gundi ilikuwa imeshakauka zamani. "Arobaini tutaisoma hapahapa Msimbati," akaendelea. "Shangazi Somoe amesema usikose." Nikamjibu, mwambie shangazi yako nitakuja. "Amesema pia uje kwa basi. Usije na baiskeli yako." Hapo nikacheka, nikamkatia simu mtoto wa watu bila hata kumuaga.

Wanangu wote wanajua kwamba baba yao aliwahi kuendesha baiskeli kutoka Tabora mpaka Mtwara. Nimewasimulia mpaka wameichoka: jinsi tulivyolala juu ya mti Manyoni kwa kuogopa simba, jinsi Rufiji ilivyofurika tukavushwa kwa mtumbwi na baiskeli zetu zimelazwa juu ya mapaja yetu. Mimi nasifika kwa maneno, na safari hiyo imenilisha sifa miaka mingi. Lakini huwa naimaliza Mikindani. Nasema, "Tukaiona bahari ya kwao Saidi, tukashukuru Mungu," kisha naomba chai. Zile maili tisa za mwisho sijawahi kumsimulia mtu, kwa sababu zile ni za aibu yangu, na mwenye haki ya kuzisimulia alikuwa Saidi. Yeye naye, kwa miaka yote hiyo, hakuzisimulia hata kwa watoto wake. Sasa ameondoka, na mimi sioni sababu ya kuendelea kujificha nyuma ya mgongo wa marehemu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, fundi baiskeli Tabora mjini, na Saidi alikuwa seremala kwenye kibanda cha jirani. Tulikuwa tukipanga chumba kimoja, tukipika sufuria moja. Yeye alikuwa Mmakonde wa pwani, wa Msimbati, mtu wa maneno machache kama mnavyowajua maseremala, na kila mwaka alikuwa akisema mwakani atakwenda nyumbani kumwona mama yake. Akasema hivyo miaka sita. Ndipo ikaja simu ya maandishi, imechelewa siku tisa, kwamba mama amefariki na ameshazikwa. Saidi alisoma ile karatasi, akairudia, akaikunja, akaniambia, "Sikumzika. Arobaini yake sitaikosa." Dada yake, Somoe, alikuwa amewahi kumwandikia kwamba siku mama akifa, chumba chake hakitafunguliwa mpaka arobaini, na kwamba mama mwenyewe alitaka atakayeufungua ule mlango awe Saidi. Basi hilo ndilo alilolishika. Nauli ya treni hatukuwa nayo, na hata tungefika Dar es Salaam, mabasi ya kusini yalikuwa yamesimama kwa mvua. Baiskeli nilikuwa nazo mbili, vyuma vikuukuu nilivyoviunga mwenyewe. Nikamwambia, "Twende." Akaniuliza, "Wewe unakwenda kufanya nini?" Nikamjibu kwamba baiskeli zangu haziwezi kusafiri bila daktari wao.

Kwenye usukani wake alifunga kamba ya ukindu, ile iliyokuwa imefungia mkeka aliopewa na mama yake siku anaondoka nyumbani. Akapiga mafundo tisa kwa mpigo, ya siku zilizokwisha pita, kisha kila jioni akaongeza fundo moja. Mama yake alikuwa msusi wa mikeka na hakujua kusoma. Siku zake zote za kuhesabiwa, za mimba, za mfungo, za matanga, alizihesabu hivyo. Mimi nami nilikuwa na hesabu yangu. Nilikuwa na daftari dogo la shule ambamo niliandika kila tulipopita, ili nikirudi Tabora wapinzani wangu wasiseme nimedanganya: kisima kiko wapi, daraja lipi bovu, kutoka kijiji gani mpaka kipi ni maili ngapi. Nilikuwa nikiandika kwa bidii sana. Laiti ningalikuwa mvivu.

Na nilikuwa na kitu kingine kilichotufikisha mbali kuliko mapedali, nacho ni utani. Asiyekuwa Mnyamwezi hawezi kujua raha ya kushuka pwani. Babu zetu walibeba mizigo ya njia ile miaka mingi, wakaacha watani kila kituo. Kwa Wazaramo nilikuwa naingia uani kwa mtu nisiyemjua kabisa, naegemeza baiskeli kwenye ukuta wake, napaza sauti: "Mtumwa wangu yuko wapi? Bwana wake nimefika na njaa!" Na mwenye nyumba anatoka na mwiko mkononi: "Karibu, mpagazi! Mzigo umeutupa wapi, mwizi wee?" Tunatukanana kwa raha zetu mpaka majirani wanajaa, na mwisho wake ni sahani ya wali na mkeka wa kulalia. Saidi alikuwa anakaa pembeni akitikisa kichwa. Tulipovuka Rufiji sikuwa tena na hakika nani ni mtani wangu na nani siye, lakini sikujali; nilikuwa nautupa utani kama mtego, na kila mahali ulinasa. Kilwa walicheka. Lindi walicheka. Nikaanza kuamini kwamba nchi nzima ni watani zangu.

Usiku wa fundo la thelathini na saba tulilala Mpapura, kwa mkulima mmoja wa korosho na mkewe. Chumba walichotupa kilikuwa na mihogo mikavu imerundikwa mpaka kwenye dirisha, na vumbi lake lilitufanya tupige chafya kwa zamu. Tulipewa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na tulipokuwa tukinawa nilimsikia mwenye nyumba akinong'ona na mkewe nyuma ya ukuta wa udongo. "Hawa wanatoka wapi hasa?" mke anauliza. "Wamesema Tabora." "Na wewe umeamini?" Mwaka ule vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimepamba moto. Wapigania uhuru walikuwa wanavuka, Mreno alikuwa anatuma ndege zake, na habari za mabomu ya kutegwa ardhini kule mtoni, Kitaya na kwingineko, zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Asubuhi yule mama alipotupa viazi vya njiani aliniangalia mimi, si Saidi, akasema, "Mwanangu, huko mbele usiongee sana." Nikamjibu kwamba nikinyamaza nitakufa kabla Mreno hajaniwahi. Hakucheka. Na mimi, mpumbavu, sikuliona hilo.

Mtwara mjini hatukukaa. Palikuwa na askari kila kona, na Saidi alikuwa ameshaanza kupanusa nyumbani, hatulii. Ilikuwa siku ya thelathini na nane. Jioni ile tungefika, na siku nzima ya akiba ingebaki. Akasimama pale njia ya kwenda Msimbati inapoanza, akaniambia, "Kuanzia hapa, mdomo niachie mimi." Nikapiga saluti. Lakini njia ile, jamani! Mchanga mtupu katikati ya mikorosho, mchanga unaomeza tairi nusu, na unakanyaga pedali palepale ulipo. Tukashuka, tukawa tunasukuma. Mnyororo wa Saidi ukajaa mchanga, ukakatika. Nikajitolea kuuunga, akakataa, akasema hiyo kazi naye anaiweza, nitangulie nikaangalie kama kuna maji, maana vibuyu vyetu vilikuwa vikavu. Ndivyo nilivyofika peke yangu mbele ya kamba iliyofungwa kukata njia, mkorosho huu mpaka mkorosho ule, maili tisa kabla ya Msimbati. Kijiji chenyewe sikitaji, wenyewe wapo na tunaheshimiana.

Walikuwa wanaume watatu wa mgambo. Wawili walikuwa na marungu, na wa tatu, mtu mzima wa miaka arobaini hivi mwenye shati la kijani na bunduki kuukuu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Jina lake niliambiwa baadaye, Bwana Chilumba. "Unatoka wapi?" akauliza. "Tabora." Wale wawili wakaangaliana, wakacheka. "Tabora kwa hiyo?" mmoja akasema akionyesha baiskeli kwa rungu. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa na kiu, nimechoka, na nilipoona meno ya watu moyo wangu ukasema, haya, hawa nao wamenasa. Bwana Chilumba akauliza, "Na huku umefuata nini?" Nami nikaegemea usukani, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwa mashemeji: "Mreno amenituma nije niwahesabu wake zenu. Nikimaliza navuka mto, nampelekea hesabu yake."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimezika watu, nimeunguliwa na banda, lakini ukimya kama ule sijawahi kuusikia tena. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja akaja nyuma yangu taratibu, akanishika mkono, akauzungusha mgongoni mpaka bega likalia. Nikasema, "Jamani, ni utani! Mimi Mnyamwezi!" Bwana Chilumba akasema, "Hatuna utani na Mnyamwezi." Kisha akaongeza, sauti yake imeshuka: "Na aliyekuja mwezi uliopita akiuza sindano, naye alikuwa mcheshi. Alikula kwangu. Siku nne baadaye ndege ikaja, ikampata ndugu yangu shambani." Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikakaa mchangani bila kuambiwa. Na Saidi akatokea kwenye mikorosho, anasukuma baiskeli yake, mikono imejaa grisi, anatabasamu kwa sababu mnyororo umekubali.

Alijaribu. Akawasalimu kwa Kimakonde, akawaambia yeye ni mtoto wa Msimbati anawahi arobaini ya mama yake. Yule wa rungu akamjibu kwamba Kimakonde hata ng'ambo wanakizungumza, na Mreno hamtumi ntu asiyekijua. Wakamuuliza jumbe wa zamani alikuwa nani, akajibu sawa. Wakamuuliza nani anakaa jirani na msikiti sasa hivi, akababaika, maana miaka sita ni mingi. Wakatupekua. Wakalitoa daftari langu, na Bwana Chilumba akalisoma kwa kidole, neno kwa neno, mbele ya wenzake: "Kisima, maji matamu. Daraja bovu, gari haliwezi kupita. Kambi ya askari, wengi, walitupa mkate." Kila alipofunua ukurasa aliniangalia. Kisha wakaiona ile kamba ya ukindu kwenye usukani wa Saidi. "Na mafundo haya ni hesabu ya nini?" Saidi akawaambia. Wakacheka, lakini safari hii hata mimi nilijua kile si kicheko cha utani.

Walitufungia kwenye ghala la korosho. Bado nalijua ghala lile kuliko nyumba nyingi nilizokaa kwa hiari: mlango wa mabati, dirisha moja la wavu juu kabisa, magunia matupu kwenye kona, na harufu ya maganda ya korosho iliyokaa kooni ikikuwasha. Tulipewa ugali wa muhogo na dagaa, chakula kizuri tu, tena cha kutosha, na mtungi wa maji. Saidi alikula kidogo akiwa amenipa mgongo. Nilimwambia, "Saidi, nisamehe." Kimya. Nikamwambia tena. Kimya. Mimi ni mtu ninayeweza kuvumilia matusi ya siku nzima, nayageuza wimbo, lakini kunyamaziwa sikuweza. Usiniulize nililala vipi. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameketi vilevile, na kwa kuwa kamba yake walikuwa wameichukua, alikuwa amepasua uzi kwenye gunia, anapiga mafundo upya tangu la kwanza. Alipofika la thelathini na tisa akasimamisha, akaushika ule uzi mkononi kutwa nzima.

Siku hiyo ya thelathini na tisa tulisikia kila kitu, kwa sababu kivuli cha ghala ndicho kilichokuwa baraza yao. Lori litakuja kesho litupeleke mjini. Kuna mmoja walimpeleka mwezi juzi, ameshaulizwa? Hajulikani alipo. Mwingine akasema wanapoteza muda, mpelelezi dawa yake mto uko karibu. "Funga mdomo," Bwana Chilumba akamwambia, "hatuui watu hapa." Lakini alikawia kusema, na mimi nilikupima kule kukawia kwake kwa jasho lililonishuka mgongoni. Mchana mkewe, Mama Shukuru, akaleta chakula mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi. Akaweka sinia chini, akamwona Saidi na uzi wake, akasimama. "Hiyo hesabu ya nini, mwanangu?" Mgambo mlangoni akamwambia asizungumze na sisi. Hakumjali. Saidi akasema, "Matanga, mama. Leo thelathini na tisa." "Nani alikufundisha kuhesabu hivyo?" "Mama yangu, msusi wa mikeka, Msimbati. Ndiye niliyemfuata." Mama Shukuru akamtazama usoni kwa muda, akainama, akayatazama masikio yake, akatoka. Sinia alisahau kulifunika, nzi wakajaa.

Nyuma ya mabati nikamsikia. "Baba Shukuru, kesho mimi nakwenda hitima ya yule bibi wa mikeka. Mkeka unaoulalia kausuka yeye. Huyu ni ntoto wake." Mumewe akauliza, "Ulimjua?" "Huyu simjui. Masikio nayajua." "Masikio si kitambulisho, mke wangu. Nimemzika ndugu yangu kwa kuamini uso." Wakabishana mpaka alasiri ikaadhiniwa. Alasiri ile ndipo mlango ukafunguliwa, Bwana Chilumba akaingia peke yake, akakaa juu ya gunia akatuangalia. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Akamwambia Saidi: "Mke wangu amekusemea. Nenda. Baiskeli yako ichukue, utafika kabla ya isha, kesho umsomee mama yako. Huyu wa bara atabaki. Mdomo wake mwenyewe umesema, na daftari ni lake. Kesho lori linamchukua."

Hapa ndipo pananiuma mpaka leo, na nitasema kama ilivyokuwa. Nilitaka aondoke, kwa kuwa ndiyo haki, na nilitaka abaki, kwa kuwa niliogopa. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Nikajikaza nikasema, "Nenda, Saidi. Kosa ni langu." Saidi akanigeukia, na neno lake la kwanza kwangu tangu jana likawa, "Nyamaza." Kisha akamwambia Bwana Chilumba, polepole, kama mtu anayepima ubao kabla ya kukata: "Huyu nimetoka naye Tabora. Baiskeli ni zake. Hana mama aliyekufa, amekuja kwa ajili ya wangu. Nikiingia kwetu peke yangu wataniuliza mgeni wangu nimemwacha wapi. Nitawajibu nini?" Bwana Chilumba akasema, "Arobaini hairudiwi." Saidi akasema, "Najua." Akaketi chini. Yule bwana akatoka, akafunga mlango. Nilijifunika gunia usoni nikalia kama mtoto, na Saidi akaniacha nilie, hakunibembeleza.

Siku ya arobaini, Mama Shukuru aliondoka alfajiri. Tulimsikia akihema na kuwaita wenzake. Jua lilipofika kwenye wavu wa dirisha Saidi akajua kwao wameshatandika, wameshaanza. Akatawadha kwa maji ya mtungi, akageukia alikodhani ni kibla, akasoma Yasini yote kwa moyo. Mimi niliyoijua ni nusu, nikawa nafuatia pale ninapokumbuka, na nisipokumbuka naitikia amina. Alipofika kwenye dua sauti ikamkatika, akaanza tena, ikamkatika tena. Akapiga fundo la arobaini. Muda si muda tukasikia lori.

Sijui kama mnaijua sauti ya lori linalohangaika mchangani. Linalia, linanyamaza, linalia karibu zaidi. Tulitolewa, tukafungwa mikono kwa kamba ya katani, dereva hata hakutuangalia. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye gurudumu nipande, Bwana Chilumba akasema, "Dereva, kunywa uji kwanza." Dereva akasema ana haraka. "Uji hauchelewi," akajibu, na akamwita mtu alete, na uji ule ulikuja moto sana, na dereva akawa anaupuliza. Mpaka leo naamini uji ule alikuwa ameuagiza uchemshwe makusudi. Kikombe cha kwanza kikaisha. Akamiminiwa cha pili. Bwana Chilumba alikuwa anaangalia njia ya Msimbati, nami nikawa naiangalia.

Walitokea wakikimbia, kama mtu anavyoweza kukimbia kwenye mchanga: Mama Shukuru nyuma kabisa, mbele yake binti mwembamba ameshika kanga kichwani, ambaye ni Somoe, na mbele ya wote mzee mfupi mwenye kofia iliyokaa upande. Alikuwa Mjomba Mfaume, kaka wa marehemu. Hakusalimu mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Saidi, akamwangalia kamba za mikononi, akaanza kumtukana. Kwa Kimakonde, kwa Kiswahili, kisha tena kwa Kimakonde. Miaka sita! Mama yako anaulizia kila basi! Leo watu wamekaa na msahafu, wewe umekaa na korosho! Na hicho kinyozi gani kimekunyoa hivyo? Matusi yalikwenda mpaka dereva akaacha uji. Saidi ameinamisha kichwa, anasema, "Ndiyo, mjomba. Ndiyo, mjomba." Bwana Chilumba akamsikiliza mzee kwa makini sana, kisha akatoa kisu, akakata kamba ya Saidi, akaja akakata yangu. "Mgeni hatukanwi hivyo," akasema. Daftari alilibakiza. Kamba ya ukindu alimrudishia Saidi kwa mikono miwili.

Tulifika Msimbati maghrib inaadhiniwa. Mikeka ilikuwa imeshakunjwa na masufuria yamepinduliwa yakauke, na wageni wa mbali walikuwa wameshaondoka. Chumba cha mama kilikuwa wazi. Hawakuweza kungoja, mambo ya siku ile yana wakati wake, na Mjomba ndiye aliyekifungua asubuhi, kabla Mama Shukuru hajafika na habari zetu. Kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetolewa nje, ukutani umebaki msumari mmoja na alama nyeupe ya kitu kilichokuwa kimening'inia. Saidi akaingia, akakaa sakafuni katikati. Mimi nikabaki kizingitini, sina haki ya kuingia. Somoe akapita kando yangu na sinia la pilau lililopoa, alilolificha kabla hajatufuata, akaliweka chini. Saidi hakuligusa. Mimi nikawa nangoja anifukuze, na angenifukuza ningekwenda. Kisha akalisukuma sinia kwa goti kuelekea mlangoni, akasema bila kuniangalia, "Kula, mpelelezi."

Hivyo tu. Kuanzia siku ile Msimbati wote wakaniita Mpelelezi, wakanifanya mtani wao kwa nguvu, na Bwana Chilumba, mpaka alipokufa, kila nilipokwenda alikuwa akinipekua njiani mbele ya watu, natoa mifuko yote nje, tunacheka. Lakini Saidi na mimi hatukulizungumza tena. Nilikuwa nimemnyima siku isiyorudi, naye alikuwa ameitoa mwenyewe kwa ajili yangu, na sikujua mtu anaanzia wapi kusema jambo kama hilo. Nikawa nachekesha tu. Miaka yote hiyo, kila tulipokutana, nachekesha tu.

Basi nimekwenda, kwa basi kama nilivyoagizwa. Nilikuwa na kamba yangu mfukoni, nimepiga mafundo kila jioni kwa vidole hivi vya uzee, na nilifika siku ya thelathini na tisa, mapema kabisa. Wanawake walipoona nimeshuka kwenye pikipiki iliyonitoa kituo cha basi waliniangalia, wananingoja. Mtani akifika msibani ana kazi yake. Nilipaswa niangue kicheko, nidai marehemu anirudishie mnyororo wangu, nilale mlangoni nizuie watu kupita. Nilifungua mdomo. Mdomo huu uliotaka kuniua, mdomo usiokosa neno, ukakosa. Kesho yake hitima ilisomwa, nikaisoma Yasini yote, sasa naijua. Walipokifungua chumba cha Saidi waliniita mimi niushike mlango pamoja na binti yake. Watu walipotawanyika nikaingia nikakaa sakafuni katikati, na Somoe, amekuwa bibi, mgongo umempinda, akaja na sinia la moto akakaa mkabala nami. Sikuweza kunyoosha mkono. Akaningoja. Kisha akalisukuma sinia kwa goti lake.

"Kula, mpelelezi," akasema. "Upande wake nitamalizia mimi."